Jenereta katika Buti la Basi

  Wenye daftari na kalamu waziweke tayari, maana leo tutapiga hesabu. Viongozi wa madarasa, andikeni ubaoni maneno manne haya: jenereta, buti, ekzosi, kaboni monoksaidi. Neno la mwisho ni refu. Lisomeni polepole, silabi kwa silabi. Msiliogope. Kabla somo halijaisha kila mmoja atakuwa amelizoea.

Jenereta ni mtambo wa kufua umeme. Injini yake huchoma petroli au dizeli, injini huzungusha sumaku karibu na nyaya, na umeme hutoka. Buti ni lile sanduku la bati lililo ubavuni mwa basi, chini ya sakafu ya abiria, ambamo huwekwa mizigo. Ekzosi ni bomba la kutolea moshi. Na kaboni monoksaidi ni hewa ya sumu iliyomo ndani ya moshi huo.

Sasa tuseme hivi. Wakulima wa kahawa wa Mbinga, pamoja na waganga wa zahanati yao, wamenunua basi kuukuu. Hawataki kubeba abiria. Wameng'oa viti, wameweka kitanda cha kupimia wagonjwa, meza, taa, na friji ya chanjo, wapate kliniki ya kutembea kwa ajili ya akina mama na watoto. Nia yao ni kulishusha basi hilo kutoka milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa: kwanza Mbamba Bay, kisha Liuli, kisha Lituhi na vijiji vilivyo katikati.

Umeme wataupata wapi? Ni kweli kwamba nguzo za TANESCO zimefika mahali pengi. Zamani miji ya Songea na Mbinga ilipata umeme wake kwa mitambo ya dizeli, mpaka mwaka 2018 ulipofika Songea msongo mkubwa wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Lakini kliniki ya kutembea husimama chini ya mwembe, karibu na watu, na mwembe hauna soketi. Basi lazima libebe umeme wake lenyewe.

Hapo fundi huja na neno tamu. Husema: "Buti liko tupu. Tuiweke jenereta humo, tufunge mlango kwa kufuli. Mwizi hataiona, mvua haitaipata, na kelele zake hamtazisikia." Kila mtu kwenye kamati hufurahi. Nami nasema, msifurahi upesi. Katika maneno ya fundi huyo hamna uongo hata mmoja, lakini limo jambo moja ambalo hakulisema, nalo ndilo somo letu.

Kubeba umeme ndani ya gari si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1935 palianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza filamu za mafundisho kwa Waafrika. Jaribio lilidumu mpaka mwaka 1937, na filamu zake zilitembezwa kwa gari katika Tanganyika na nchi za jirani. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali. Wazee wetu wanakumbuka. Gari lilisimama uwanjani, kitambaa cheupe kikatundikwa, na mtambo wa umeme ukawekwa kando ili ngurumo yake isifunike maneno. Watoto wengine waliutazama mtambo kuliko walivyoitazama sinema! Lakini angalieni: mtambo ule ulinguruma mahali pa wazi. Upepo uliupiga pande zote, na moshi wake ukapotea juu. Hakuna aliyeufungia ndani ya sanduku.

Iko mitambo isiyojali sanduku. Masista wa Chipole, huko Songea, wana mtambo wa maji wa Tulila katika mto Ruvuma, ambao ulianza kufua umeme mwaka 2015. Maji huzungusha gurudumu, basi, hakuna moto. Jenereta ya mafuta si hivyo. Hiyo ni kama mnyama. Hula mafuta, huvuta pumzi, hutoa pumzi, na mwili wake huchemka. Kazi ya buti la mizigo ni kufunga: maji yasiingie, vumbi lisiingie, mwizi asiingie. Kazi ya chumba cha jenereta ni kupumua. Kazi hizo mbili hazipatani, na anayetaka kuliweka jenereta ndani ya buti hana budi kuligeuza buti lenyewe kwanza.

(Hapa muziki kidogo. Viongozi wasomeshe maneno ya ubaoni.)

Tuanze na joto. Pigeni hesabu hii pamoja nami. Lita moja ya dizeli, ikichomwa, hutoa joto la karibu kilowati 10 kwa muda wa saa moja. Jenereta ndogo huweza kugeuza kiasi cha kilowati 3 tu kuwa umeme. Je, 10 toa 3 ni ngapi? Ni 7. Hizo kilowati 7 zimekwenda wapi? Hazikupotea. Zimekuwa joto. Sehemu hutoka na moshi kwa bomba, na sehemu nyingine hutoka katika mwili wa injini na kukaa humo humo chumbani. Pasi moja ya umeme hutumia kama kilowati 1. Basi fikirini pasi kadhaa za moto zimewashwa, zimeachwa siku nzima ndani ya buti la bati, na juu ya bati hilo mama amekaa na mtoto mchanga.

Watengenezaji wengi wa jenereta husema kwamba mtambo wao hufanya kazi vizuri hewa inayouzunguka isipozidi nyuzi 40 za joto. Mchana wa mwezi wa Oktoba au Novemba huko Mbamba Bay, joto la kivulini laweza kupita nyuzi 30. Kwa hiyo zimebaki nyuzi chache tu, pengine hazifiki kumi. Buti lililofungwa litazimaliza nyuzi hizo katika dakika chache. Kisha mtaona dalili. Taa zinafifia, injini inakohoa, harufu ya mpira unaoungua inapanda, na mwisho jenereta inazima yenyewe. Fundi ataitwa, atabadilisha plagi, atasema mafuta yalikuwa machafu. Itawaka tena ikiwa baridi, na saa moja baadaye itazima tena. Fedha nyingi zimeliwa kwa namna hiyo.

Kinamama wa mwambaoni wanaokausha samaki kwa moshi wanalijua jambo hili kuliko fundi huyo. Tanuri lisilo na tundu la chini, moto hufa. Lisilo na tundu la juu, samaki huungua. Chumba cha jenereta hutengenezwa kwa akili hiyo hiyo. Hewa baridi iingie upande mmoja, chini, kwa tundu kubwa. Ipite juu ya injini. Itoke upande mwingine kwa njia yake ya bati, inayoanzia penye feni ya injini na kuishia nje kabisa. Njia hiyo ni muhimu sana. Ikikosekana, hewa ya moto itazunguka na kuingia tena, na injini itakuwa inavuta pumzi yake yenyewe. Tundu la kuingizia liwe kubwa kuliko la kutolea. Mafundi wengi hulifanya mara moja na nusu. Tena, mkiweka wavu wa kuzuia panya na mawe, kumbukeni kwamba waya za wavu hula sehemu ya tundu, ongezeni ukubwa. Mlango wa buti waweza kubaki na kufuli lake, ila ukatwe matundu ya mshazari kama dirisha la luva, ili mvua iteleze nje na hewa ipite.

Tundu la hewa lisiwe nyuma ya gurudumu. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, siku hizi ni ya lami, lakini njia za kuingia vijijini ni za vumbi jekundu, na gurudumu hulirusha vumbi hilo moja kwa moja ndani ya buti. Chujio la hewa likijaa vumbi, injini hukabwa. Lisafishwe kila safari, si kila mwaka.

Tumesema joto la ziwani. Na kule juu milimani je? Huko hewa ni nyepesi. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, lakini milima ya Umatengo hupita mita 1,500 mahali pengi. Kwa kila mita 100 za kupanda, jenereta ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake. Basi ile iliyoandikwa wati 3,000, ukiipandisha mita 1,500, hupungukiwa na sehemu 15 katika mia. Hiyo ni wati 450. Inabaki na wati 2,550. Tuipime na kazi ya kliniki yetu: friji ya chanjo wati 150, taa sita za wati 10 ni 60, feni mbili za wati 50 ni 100, na chombo cha kuchemshia vifaa vya waganga wati 1,500. Jumlisheni. Ni 1,810. Friji nayo, inapoanza kuzunguka, huvuta nguvu mara tatu au zaidi kwa nukta chache, kwa hiyo ongezeni 300. Tumefika 2,110. Jenereta ya wati 3,000 inatosha. Ile ya wati 2,000, ambayo mwenye duka aliisifia kwa bei rahisi, haitoshi milimani wala ziwani.

Sasa twende kwenye moshi. Hapa naomba darasa zima litulie.

Nyote mnajua habari za jiko la mkaa. Mwezi wa Juni na Julai Mbinga ni baridi. Mtu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, hulala, na asubuhi hakuamka. Watu husema alirogwa, au alilala vibaya. Aliyemwua ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Moshi mweusi wa dizeli utakukohoza, utautoroka. Kaboni monoksaidi haikupi onyo. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoihitaji. Damu hujaa sumu, oksijeni hukosa mahali pa kupanda, kama abiria wanaokuta basi limejaa. Mtu huishiwa pumzi huku anavuta pumzi.

Moshi wa jenereta unayo hewa hiyo hiyo. Injini ya petroli hutoa nyingi zaidi kuliko ya dizeli, lakini ya dizeli nayo haikosi. Wenye kushauri mambo ya usalama huko Marekani, ambako watu wengi hugeuza mabasi makuukuu kuwa nyumba, husema jenereta ya kubebwa iwekwe angalau mita 6 kutoka madirisha na milango ya nyumba. Ndani ya buti, iko chini ya miguu yenu, umbali wa unene wa ubao! Kwa hiyo mwenye kuiweka humo amejitwika wajibu mkubwa. Lazima bati na ubao vifanye kazi ya zile mita 6.

Dari ya buti ndiyo sakafu ya chumba cha wagonjwa. Izibwe yote kwa bati, na kila maungio yapakwe dawa ya kuzibia isiyoyeyuka kwa joto. Kila tundu la waya ni tundu la moshi. Kila tundu la boliti ya kiti kilichong'olewa ni tundu la moshi, na basi la viti vingi lina matundu hayo kwa makumi. Mabuti mengi hupenya kutoka ubavu huu wa basi hadi ule. Basi pajengwe ukuta wa bati katikati. Sasa mtajuaje kama fundi ameziba yote? Njia ni rahisi, haihitaji chombo chochote cha kisayansi. Ngojeni usiku. Zimeni taa za basi. Wekeni taa kali ndani ya buti, fungeni mlango wake, kisha ingieni basini na kutambaa sakafuni mkitazama. Mahali mwanga unapopenya, hata kama ni mdogo kama tundu la sindano, na moshi utapenya. Wekeni alama ya chaki. Fundi asilipwe mpaka alama zote zimezibwa na jaribio limerudiwa.

Kisha bomba lenyewe, ekzosi. Injini hutikisika, bodi ya basi haitikisiki sawasawa nayo, na bomba gumu lililofungwa huku na huku litakatika. Kati yao pawe na kipande cha mrija wa chuma unaojikunja. Usiwe wa mpira, utaungua. Bomba litoke nje kabisa kupita ukingo wa bodi. Lisiishie chini ya basi, kwa maana moshi utakaa chini ya tumbo la basi na kupanda kwa kila ufa. Lisitokee chini ya dirisha. Katika nchi yetu tunaendesha kushoto, na mlango wa abiria uko kushoto. Hapo ndipo akina mama watakapopanga foleni. Basi jenereta na bomba lake viwe ubavu wa kulia, mbali na mlango. Zaidi ya hayo, napenda ule mtindo wa kuwa na bomba la nyongeza ambalo huchomekwa basi likishasimama, likapanda juu na kupita paa, kama dohani ya nyumba. Si ghali, na moshi huchukuliwa na upepo juu ya vichwa vya watu.

Mara kwa mara maungio ya bomba yapimwe. Asubuhi, injini ikiwa baridi, iwasheni, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitoka, pana ufa.

Na upepo wa ziwani si wa kuaminiwa. Mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Katika miezi ya kiangazi huja upepo mkali wa kusini, ule ambao wavuvi huuita mwera. Dereva aliyesimamisha basi vizuri saa nne asubuhi huenda akakuta jioni moshi unarudi madirishani. Atoke, atazame, aligeuze basi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo waganga wenyewe huweza kulikosea. Mtu aliyeanza kuvuta kaboni monoksaidi huumwa kichwa. Husikia kizunguzungu, kichefuchefu, hutapika, miguu hulegea, usingizi humshika. Je, sisi watu wa kando ya ziwa tukisikia hivyo twasemaje? Twasema malaria. Mgonjwa hupewa dawa, huambiwa alale, na hulazwa kitandani humo humo ndani ya basi, juu ya jenereta. Tazameni tofauti zake. Kaboni monoksaidi haileti homa. Huwapata watu wengi kwa mara moja: muuguzi, mama na mtoto wote wanaumwa kichwa saa ile ile. Na mtu akitoka nje, akikaa upeponi, hupata nafuu. Mkiona hivyo, msikae kujadiliana. Zimeni jenereta, toeni watu wote nje, aliyezidiwa apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Msimnyweshe maziwa. Sumu hii iko katika damu, haiko tumboni. Maziwa hayaitoi, na mtu aliyelegea huweza kupaliwa nayo.

Siku hizi viko vyombo vidogo vya betri vinavyopiga kengele vikinusa kaboni monoksaidi. Kimoja kiwekwe ukutani, karibu na mahali watu wanapolala au kukaa. Hewa hii ina uzito karibu sawa na hewa ya kawaida, kwa hiyo haijikusanyi sakafuni wala darini, huenea. Kengele isaidie, lakini isiwe sababu ya kuacha kuziba matundu.

(Muziki kidogo.)

Tumebakiwa na mambo ya chuma, mafuta na nyaya, nayo nitayapitia kwa haraka kidogo.

Sakafu ya buti ilitengenezwa kwa mabegi na magunia. Jenereta ya dizeli huweza kuwa na uzito wa kilo 100 na zaidi, tena hutetemeka saa zote. Bati la sakafu litapasuka. Fundi alaze vyuma viwili imara vinavyoshikwa na chasisi, na juu yake aweke mipira ya kukalia injini. Ni vizuri jenereta ikae juu ya sinia la chuma linalovutika nje kama mtoto wa meza, ili atakayebadilisha oili asijibanze ndani. Pawe na kitasa cha kulizuia sinia lisichomoke kwenye kona.

Fundi akishafunga bomba, kamati ipige magoti itazame chini ya basi. Pale pale karibu na mabuti hupita mabomba ya breki za upepo. Mengi ni ya plastiki. Ekzosi ikiwa karibu, plastiki hulainika kidogo kidogo, siku hadi siku, pasipo mtu kujua. Na mnajua mteremko wa kutoka Mbinga kwenda ziwani ulivyo. Breki ikipasuka huko, hakuna kona itakayokusubiri. Bomba la moshi lifungwe kwa kitambaa kisichoungua, liwe mbali na breki, mbali na nyaya, mbali na tangi la mafuta. Na kwa kuzuia kelele, wasitumie vipande vya godoro la sponji, kama wengine wafanyavyo. Sponji hushika moto, na moshi wake ni sumu nyingine. Itumike pamba ya mawe, isiyoungua.

Petroli isiwekwe kwenye chumba kimoja na injini ya moto. Dizeli ni afadhali, kwa sababu haishiki moto upesi, na jenereta huweza kunywa kutoka tangi la basi. Hapa pana ujanja mzuri wa mafundi. Mrija wa jenereta hukatwa mfupi, usifike chini ya tangi. Huishia penye robo. Mafuta yakishuka mpaka robo, jenereta huzima yenyewe, na basi hubaki na mafuta ya kurudi nyumbani. Bila hivyo mtakuwa na taa nzuri usiku huko Lituhi, na asubuhi mtasukuma basi. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwekwe karibu na mlango wa basi, usiwekwe ndani ya buti ambako moto wenyewe utakuwa. Na swichi ya kuzimia jenereta iwe juu, karibu na dereva.

Kuhusu umeme: basi ni sanduku la chuma lililosimama juu ya mipira. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, basi zima linaweza kuwa na umeme, na hakuna anayejua. Mama mwenye miguu mitupu, amesimama kwenye mchanga wenye maji, anashika mlango apande. Yeye ndiye atakayejua. Kwa hiyo mwili wa jenereta uunganishwe na chasisi kwa waya mnene, fimbo ya shaba ichimbiwe ardhini kila basi linaposimama, na pawekwe ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribu. Kibonyezeni kila safari.

Tena, pasiwe na mtu atakayechomeka umeme wa basi katika soketi ya zahanati ili kuisaidia umeme wa TANESCO ukikatika. Umeme huo hurudi kwenye nguzo, hupita katika transfoma kinyumenyume, na volti 230 huwa maelfu ya volti. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba waya umekufa, atauawa na watu waliotaka kusaidia.

Na usiku je? Mwambaoni mbu ni wengi. Muuguzi na dereva hulala basini, hufunga madirisha, huwasha feni. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote: madirisha yamefungwa, watu wamelala, jenereta inanguruma chini. Ushauri wangu ni mmoja: jenereta izimwe kabla ya mtu kulala. Friji ya chanjo, ambayo yapasa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ihifadhiwe kwa vifurushi vya barafu vilivyogandishwa mchana, au kwa betri. Siku hizi sahani za umeme wa jua juu ya paa la basi zaweza kuendesha taa, feni na friji usiku kucha kwa kutumia betri zilizojazwa mchana. Kamati ikipata fedha, ianzie hapo, na jenereta ibaki ya kazi nzito za mchana. Mafuta yatapungua pia.

Hesabu ya nyumbani ni hii. Tangi la basi huchukua lita 200. Mrija wa jenereta unaishia penye robo. Jenereta hunywa lita 1 kwa saa, na huwashwa saa 6 kila siku. Basi limefika Liuli likiwa na lita 110 tangini, na halitatembea tena mpaka siku ya kurudi Mbinga. Je, jenereta itafanya kazi siku ngapi kabla ya kujizima? Andikeni jibu, na kila mmoja aonyeshe njia aliyopitia. Wenye basi, gari la sinema au mashine ya kusaga karibu na darasa, nendeni mkaitazame ekzosi yake inapoishia, kisha muichore kwenye daftari. Juma lijalo tutasoma michoro hiyo pamoja. Kwaherini.